Rova inasema fiksi, futi inakataa: Kariakoo imenishinda

Kamba_na_Bikoni
Wakuu habari, wazee shikamooni. Jumanne nilikuwa Kariakoo napima bikoni (alama za mipaka ya viwanja) kwa rova, kipokezi cha setilaiti cha kupimia ardhi; mtaa mwembamba, ghorofa kumi kila upande, jengo moja limevikwa vioo juu mpaka chini. Jana yake programu ya kutabiri setilaiti iliniambia saa nne asubuhi nitapata setilaiti 19, PDOP 1.6 (kipimo cha mpangilio wa setilaiti angani, kikiwa kidogo ndiyo vizuri). Nikalala usingizi mnono. Kufika, rova ikatoa fiksi (yaani ina uhakika na mahali ilipo) ndani ya dakika moja, usahihi sm 2. Nikapima bikoni mbili zinazotazamana, nikavuta futi kati yake kujiridhisha: tofauti na rova sm 38! Nimlaumu nani, besi (kipokezi cha pili kinachoisahihisha rova), au machinga aliyenigonga nguzo ya rova na furushi la mashuka?

Mzee_Theodolaiti
Marahaba. Machinga mwache atafute riziki. Umetabiri mbingu ya uwanja wa mpira, ukaenda kupimia kisimani. Ghorofa kumi ni kama m 33. Ukuta wa ng'ambo ukiwa m 14, unakuziba mpaka nyuzi 67, na ulio mgongoni kwako umekula nusu nzima ya mbingu. Umebakiwa na ufito unaofuata mtaa, kwa hiyo kosa kubwa hulala kukata mtaa, na futi yako ndiko ilikopita. Halafu hivyo vioo: setilaiti imejificha nyuma ya jengo, mawimbi yake yanadunda kwenye vioo na kukufikia yamechelewa, rova inapokea tu.

Kamba_na_Bikoni
Kweli kabisa, futi ilikata mtaa. Je, nirudi Jumanne ijayo saa nne ileile?

DadaWaRamani
Usirudi kwa saa, kaka. Mpangilio wa setilaiti za GPS unajirudia ukiwahi dakika 4 kila siku, wiki ni karibu nusu saa. GLONASS ya Urusi inarudia baada ya siku 8, Galileo ya Ulaya 10. Simama kwenye bikoni, pima nyuzi za paa kila upande kwa simu, uziingize kwenye programu kama vizuizi. Ukipata fiksi, ivunje, ianze upya, kisha rudia baada ya saa moja. Tazama na nguvu ya mawimbi: setilaiti iko juu nyuzi 70 halafu inasoma dB-Hz 30 tu, hafifu? Hiyo izime. Mimi ningeweka alama mbili Mnazi Mmoja penye uwazi, niingie na total stesheni (mashine ya kupima pembe na umbali bila setilaiti).

Kamba_na_Bikoni
Total stesheni ya ofisi iko Bagamoyo mpaka Ijumaa. Leo jioni nimepita na simu: ng'ambo nyuzi 66, mgongoni 85. Nimeingiza. Zile 19 zimebaki 6.