Mjadala: Msimbo wa kuokoa umeme usio na mtunzaji uendelee kuwashwa ndani ya kerneli?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu swali linalowagawa watu wanaotunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na wale wanaoitegemea kila siku. Kiendeshi cha kifaa fulani, yaani msimbo unaoiwezesha kerneli kukitumia kifaa hicho, kinapobaki bila mtu yeyote mwenye kifaa hicho mkononi, je, sehemu ya kiendeshi inayookoa umeme iendelee kufanya kazi yenyewe kama zamani, au izimwe na kifaa kiachwe macho muda wote mpaka mtumiaji aamue vinginevyo? Mimi nasema izimwe, na naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu ubaya wa msimbo huu hujificha mahali ambapo wengi hawatazami.

Usimamizi wa umeme ndani ya kerneli ni kazi mbili. Ya kwanza ni kulaza mashine nzima: mtumiaji anafunika kompyuta mpakato, kila kiendeshi kinahifadhi hali ya kifaa chake, na mashine ikiamka kila kifaa kinarudishwa kilipokuwa. Ya pili ni kulaza kifaa kimoja kimoja huku mashine yenyewe ikiendelea na kazi, kwa mfano kamera isiyotumika au kadi ya sauti iliyonyamaza. Hii ya pili ilipata utaratibu wa pamoja kwa viendeshi vyote katika toleo la 2.6.32, mwezi Desemba 2009, na ndiyo pekee ninayoizungumzia hapa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Kila kifaa kina kihesabio cha wanaokitumia. Kiendeshi kinapotaka kugusa kifaa hupandisha kihesabio na kukiamsha kifaa. Kikimaliza hushusha kihesabio, na kihesabio kikifika sifuri, baada ya muda mfupi wa kusubiri, kifaa hulazwa. Sasa tazameni kilichotokea kwa kitendakazi kimoja tu (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina kufanya kazi fulani), pm_runtime_get_sync, ambacho ndicho hupandisha na kuamsha. Kikishindwa kukiamsha kifaa hurudisha namba ya kosa, lakini kihesabio hukiacha kimepanda vilevile. Waandishi wa viendeshi vingi walidhani, na mtu yeyote angedhani hivyo, kwamba kosa likirudi maana yake hakuna kilichobadilika, kwa hiyo wakatoka bila kushusha. Ikitokea mara moja tu kifaa kikagoma kuamka, kihesabio hakirudi tena sifuri. Hakuna onyo linaloandikwa wala programu inayoanguka. Betri ndiyo inayoisha mapema, na mtumiaji anailaumu betri.

Katika toleo la 5.10, Desemba 2020, kililetwa kitendakazi kipya, pm_runtime_resume_and_get, ambacho chenyewe hushusha kihesabio kikishindwa. Vikafuata viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, vya kubadilisha cha zamani kwa kipya katika viendeshi kadha wa kadha, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mahali ambapo mwandishi wa zamani alikuwa ameelewa tabia ile na kushusha kihesabio kwa usahihi kwenye njia ya kosa, kubadilisha jina peke yake kunafanya kihesabio kishushwe mara mbili, na kifaa kinaweza kulazwa huku sehemu nyingine ya kerneli bado inakitumia. Anayeandika kiraka anausoma msimbo kwa macho, hana kifaa. Mhakiki naye anausoma kwa macho, hana kifaa. Kiraka kinaonekana safi, kinapita, na mtu wa kwanza kukijaribu kwa kweli ni mtumiaji, ambaye hakuombwa wala hakuarifiwa.

Historia inaniunga mkono. Mwaka 2007 kulaza vifaa vya USB kwa kujiendesha kulipowashwa kwa vifaa vya kila aina, printa na skana nyingi zilishindwa kuamka, na uamuzi ukarudishwa nyuma: mpaka leo kerneli yenyewe huruhusu hivyo kwa vitovu vya USB na kwa vifaa ambavyo viendeshi vyake vimejitokeza kusema vinaweza, na vingine vyote hubaki macho. Mwaka 2017, katika toleo la 4.11, diski za NVMe (diski za kasi zinazounganishwa kwa PCI Express, njia ya ndani ya kuunganisha vifaa na kichakataji) ziliruhusiwa kujishusha zenyewe kwenye ngazi za chini za umeme, na muda si mrefu ikabidi itungwe orodha ya diski ambazo zikishuka ngazi ya chini kabisa hupotea kwenye mfumo, kana kwamba zimechomolewa.

Pendekezo langu ni hili. Kerneli ina faili la MAINTAINERS linaloorodhesha nani anatunza nini, na kila ingizo lina hali yake: linalotunzwa kwa malipo, linalotunzwa, linalorekebishwa kwa nadra, na lililobaki yatima. Ingizo likiwa yatima, na likapita matoleo kadhaa bila mtu kuweka sahihi kwamba amejaribu kwenye kifaa halisi, chaguo-msingi la kulaza kifaa hicho mashine ikiwa kazini liwe limezimwa. Msimbo usifutwe. Anayetaka bado ataweza kuandika «auto» badala ya «on» kwenye faili la power/control la kifaa chake, na hiyo itakuwa hiari yake, akijua anachokifanya.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri kasoro ya kihesabio, lakini gharama ya dawa yako umeihesabu kidogo mno. Unazungumza kana kwamba kifaa kimoja kikiachwa macho kinakula umeme wake peke yake. Kwenye mashine za leo sivyo. Kichakataji chenyewe kina ngazi za usingizi, na zile za chini kabisa, ambazo ndizo zenye akiba kubwa, hazifikiki ikiwa kuna kifaa kwenye basi la PCI Express ambacho kiungo chake hakijatulia. Kidhibiti kimoja cha kusoma kadi za kumbukumbu, ambacho mwenye mashine pengine hajawahi kukigusa, kinaweza kuizuia mashine nzima isishuke. Kwa hiyo kipimo cha hasara ni umeme wa kichakataji, kumbukumbu na feni, na ukizidisha kwa mashine zote zilizo na kifaa hicho, hasara hiyo inalipwa na watu ambao vifaa vyao havikuwa na tatizo lolote.

Tahadhari ya namna hii ilishajaribiwa. Katika toleo la 2.6.38, mwaka 2011, kerneli ilianza kuheshimu kauli ya programu dhibiti ya mashine (programu anayoiweka mtengenezaji ndani ya mashine yenyewe) pale iliposema kwamba uokoaji umeme wa viungo vya PCI Express hautumiki, na kuuzima hata mahali ambapo programu dhibiti hiyohiyo ilikuwa imeuwasha. Nia ilikuwa njema kabisa. Matokeo yake kompyuta mpakato nyingi zilianza kula umeme zaidi, malalamiko yakaendelea kwa miezi, na marekebisho yakaja toleo la 3.3, mwaka 2012, ambapo kerneli iliacha mambo kama programu dhibiti ilivyoyapanga. Ulikuwa uamuzi wa kuchagua usalama, na bado wengi walipoteza saa za betri bila kujua sababu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Msimbo uliozimwa hautumiwi, na usiotumiwa haupati taarifa za hitilafu. Ukiuzima leo kwa kuwa hakuna mtu wa kuujaribu, kesho hata yule mmoja ambaye angegundua kasoro hataigundua. Utakuwa umeliziba sikio pekee lililobaki.

Mchangiaji wa pili

Mimi naona nyote mnagombania matawi. Mzizi ni watengenezaji. Kampuni inaandika kiendeshi wakati inauza kifaa, inaweka anwani ya mhandisi wake kwenye faili la MAINTAINERS, kisha mhandisi anahamishiwa bidhaa mpya na barua zinazotumwa kwake zinarudi. Nyaraka zinazoeleza kifaa kinachukua muda gani kuamka na ni rejista zipi zinapotea kikilala hazikuwahi kutolewa. Ningependa kerneli ikatae kabisa kupokea sehemu ya kuokoa umeme ya kiendeshi kipya ambacho mtengenezaji wake hakutoa nyaraka hizo hadharani. Akitaka kifaa chake kisifiwe kwa kutunza betri, alipe kwa maarifa.

Mleta mada

Naanza na mchangiaji wa pili, kwa kuwa sina ugomvi naye. Sharti la nyaraka ni jema kwa viendeshi vijavyo, ingawa nina shaka kama kerneli inayoruhusu vifaa vilivyochunguzwa kwa kubahatisha na watu wa kujitolea inaweza kuwadai watengenezaji kile ambacho watu wa kujitolea hawawezi kukitoa. Lakini viendeshi vilivyokwisha kuingia havitasaidiwa na sharti hilo, na ndivyo vilivyoniletesha hapa.

Kwa mchangiaji wa kwanza: nakubali bila kusita kwamba hasara ya kichakataji ni kubwa kuliko ya kifaa chenyewe, na mtu asiyeijua hesabu hiyo hafai kutoa uamuzi katika jambo hili. Ninachokukumbusha ni kwamba pendekezo langu haligusi kulala kwa mashine nzima. Mtumiaji akifunika kompyuta, viendeshi vitaitwa kama kawaida, na kwa vifaa vya PCI sehemu kubwa ya kazi ya kuhifadhi usanidi na kushusha umeme inafanywa na tabaka la basi lenyewe, ambalo lina watunzaji wanaojulikana. Kinachopotea ni akiba ya wakati mashine iko macho.

Na hapo ndipo tunapotofautiana hasa, kwa sababu hasara mbili hizi hazina uzito sawa. Umeme uliopotea unaonekana: kuna zana kama PowerTOP, iliyoko tangu mwaka 2007, inayomwonyesha mtumiaji ni kifaa kipi hakilali na kumpa nafasi ya kukiruhusu kilale. Data iliyoharibika haina zana ya kuirudisha. Chukua uokoaji umeme wa viungo vya SATA, njia nyingine ya kuunganisha diski. Ngazi yake ya chini kabisa ilijulikana kuharibu data kwenye diski kadhaa, ndiyo maana katika toleo la 4.15, Januari 2018, iliongezwa ngazi ya kati iliyoiga mipangilio ya viendeshi vya Windows, kwa hoja ya busara kwamba watengenezaji wa diski walikuwa wameijaribu mipangilio hiyo. Hata hivyo bado zilikuwapo diski zilizolazimika kuandikwa jina kwa jina kwenye orodha ya zisizoguswa. Kila jina kwenye orodha ile liliingia baada ya mtu fulani kupata madhara, kisha akapata muda na ujuzi wa kuyaeleza. Wangapi walipata madhara wakabadilisha diski kimyakimya?

Kuhusu sikio lililozibwa, taarifa ya hitilafu ina thamani ikiwa yupo wa kuipokea. Ingizo likiwa yatima, taarifa inatumwa kwenye orodha ya jumla, anaijibu mtu mwema asiye na kifaa, na inaishia kwa ombi la kumtaka mtumiaji azime kipengele hicho mwenyewe. Yaani tunafika palepale ninapopendekeza tuanzie, ila baada ya mtumiaji kuumia. Na utaratibu wangu unaweza kumleta mtunzaji: anayekerwa na betri yake ana njia ya wazi ya kulimaliza tatizo kwa wote wenye kifaa kama chake, kwa kujaribu na kuweka sahihi.

Mchangiaji wa tatu

Nimewasoma wote na naelekea upande wa mleta mada, lakini pendekezo lake limeegemea kitu ambacho hajakifafanua, nacho ni hiyo sahihi ya mtu aliyejaribu. Amejaribu nini hasa?

Diski ya Crucial MX100 iliingia kwenye orodha ya SATA kwa tatizo la kuokoa umeme ikiwa ni ile ya gigabaiti 512. Kwa hiyo jina la kifaa halitoshi. Upande wa NVMe hali ni ngumu zaidi: kuna diski za Samsung, zikiwamo SM951 na 950 PRO, zilizokuwa zikipotea kwenye basi zikishuka ngazi ya chini kabisa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba tatizo limejifunga kwenye modeli mbili tu za kompyuta za Dell. Msimbo uliopo leo hautazami diski peke yake. Unauliza pia iko ndani ya mashine gani. Mtu mwenye diski hiyohiyo kwenye ubao mwingine angejaribu wiki nzima, akaweka sahihi yake kwa dhamiri safi, na sahihi hiyo isingemsaidia kitu mwenye Dell.

Kwa hiyo naomba pendekezo libadilishwe hivi: sahihi itaje kifaa, toleo la programu dhibiti yake na modeli ya mashine, na chaguo-msingi liwashwe kwa michanganyiko hiyo iliyotajwa tu. Najua orodha itakuwa ndefu, na wanaotunza viendeshi watalalamika kwamba orodha nayo inahitaji mtunzaji. Kwa viendeshi vya hifadhi ya data niko tayari kuutetea urefu huo. Kwa kamera na kadi za sauti, ambako hitilafu kubwa kabisa ni kifaa kugoma mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya, sina hakika kwamba tunahitaji ukali wa kiasi hicho, na ningependa mleta mada aseme kama anavitia vyote kwenye kanuni moja.