Naomba ushauri: kompyuta zisizo na diski zinakwama kwenye NFS

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta sita za Linux zisizo na diski, zinawaka kwa PXE (kuwasha kompyuta kupitia mtandao). DHCP inatoa anwani za mtandao, TFTP (njia rahisi ya kuhamisha mafaili) inashusha kerneli (kiini cha Linux) na initrd (mfumo mdogo wa muda wa kuanzia) bila shida, halafu nne zinakwama zinapotakiwa kupachika mfumo wa mafaili kutoka NFS (njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao). Mbili za zamani zinawaka vizuri tu, ndiyo maana nachanganyikiwa!

Nimeshahakiki /etc/exports (orodha ya folda ambazo seva inazishirikisha), na root=/dev/nfs pamoja na ip=dhcp vipo kwenye vigezo vya kerneli. Nahisi initrd haina draiva ya kadi mpya za mtandao, maana wakati wa PXE kadi huendeshwa na programu yake yenyewe, si kerneli. Au ni swichi inayochelewa kufungua poti kwa sababu ya STP (itifaki ya swichi ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao)?

Aliyewahi kukutana na hili anisaidie: nianzie wapi kabla sijaunda initrd upya?