Data inayotupwa na vigunduzi vya chembe: tutajuaje kwamba ugunduzi haupotei nayo?

Mwanafunzi wa Chiromo
Hamjambo wanajukwaa. Ninasoma fizikia hapa Nairobi, na nimepewa kazi ya kueleza jinsi chembe ya Higgs, inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi, na iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilivyopatikana. Katika mtambo wa LHC wa kugonganisha chembe, wenye mzingo wa kilomita 27, mafungu ya protoni hupishana takribani mara milioni 40 kwa sekunde ndani ya vigunduzi vya ATLAS na CMS, lakini yanayohifadhiwa ni matukio (yaani rekodi za migongano) elfu moja hivi tu. Ikiwa mtafiti ndiye anayechagua cha kubakiza, atajuaje kwamba hakukitupa kile anachokitafuta?

Mhandisi wa Ngara
Ndugu, uchujaji huo una hatua mbili. Ya kwanza ni ya saketi za elektroniki, ambazo hulazimika kuamua ndani ya mikrosekunde chache huku data kamili ikisubiri kwenye kumbukumbu ya muda; kwa kuwa hazina wasaa wa kusoma kila kitu, hutazama kalorimita zinazopima nishati pamoja na tabaka za nje zinazonasa myuoni, yaani chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi. Hapo milioni 40 hushuka hadi laki moja hivi, kisha kompyuta huunganisha alama ambazo chembe ziliacha kwenye tabaka za ndani za silikoni na kuchuja tena.

Higgs inapovunjika kuwa fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, karibu nishati yote ya fotoni hizo huishia kwenye kalorimita, ambayo kwa CMS ni fuwele zaidi ya 75,000, kwa hiyo tukio kama hilo si rahisi kupita bila kuonekana. Isitoshe, kichujio chenyewe hupimwa. Chembe ya Z, ambayo tayari inajulikana vizuri, huweza kuvunjika kuwa myuoni mbili. Ya kwanza ikishakubaliwa, tunaikagua ya pili ili kuona kama kichujio kiliitambua au kiliikosa, na tukirudia hivyo kwa matukio mengi tunapata kiwango halisi cha upotevu. Vilevile, sehemu ndogo ya matukio huhifadhiwa kwa bahati nasibu, bila sharti lolote.

Msomaji wa Kikuyu
Nakubaliana na Mhandisi, ila kipimo cha Z kinathibitisha tu yale tunayoyajua tayari. Chembe ngeni inayosafiri sentimita kadhaa kabla ya kuvunjika huacha njia zisizoanzia mahali pa mgongano, na kichujio kilichotungwa kwa ajili ya chembe zinazovunjika papo hapo kinaweza kuzipuuza. Ndiyo maana siku hizi hutungwa vichujio maalumu kwa ajili yake. Kwa maoni yangu, hofu ya muulizaji imepunguzwa tu, haijaondolewa.

Mwalimu wa Kasarani
Mwanangu, usiishie kwenye nadharia. CMS ilianza kutoa data yake kwa umma mwaka 2014, na matukio ya Z yenye myuoni mbili yamo humo. Maabara yenu ikiwa na plastiki inayotoa mwanga pale chembe inapoipenya, pimeni pia umri wa myuoni zinazotoka angani, ambao kwa wastani ni mikrosekunde 2.2. Hapo nanyi mtakuwa na kichujio chenu, yaani kizingiti cha volti ambacho ishara lazima ikivuke ili ihesabiwe. Mkikiweka chini mno, kelele za elektroniki zitajaa. Mkikiweka juu mno, myuoni halisi zitapotea.

Mwanafunzi wa Chiromo
Ahsanteni sana. Nitaanza na data ya Z. Mwalimu, kizingiti hicho huwekwa kabla ya kuanza kuhesabu, au hurekebishwa kadiri data inavyoingia?

Mwalimu wa Kasarani
Kabla, tena ukiandike daftarini pamoja na sababu yake. Ukikibadilisha katikati, anza kuhesabu upya.