Huyu fundi mnayemsifiaga humu leo kanivua nguo mbele ya mama mkwe

Wakuu naandika huku mkono unatetemeka. Nipo Kamanga huku ng'ambo, nimekalia ndoo ya mama muuza dagaa, gari lipo pale limepiga magoti kama ngamia anayesubiri mzigo. Fundi mnamjua, simtaji, ni yule yule ukimpelekea chochote anakwambia "hiyo ndogo bosi" halafu unatoka hapo na deni. Mlimjaza sifa humu humu mpaka nikaona nikipeleka gari kwingine natenda dhambi.

Na gari mnalijua pia. Lile Land Rover la Mwingereza, V6 dizeli 2.7, viti vya ngozi, ukikaa unahisi unaiona mpaka Ukerewe.

Sasa sikieni. Namrudisha mama mkwe Sengerema, alikuja kumwona mjukuu. Tumeingia pantoni vizuri, mama kakaa mbele anapungia watu mkono kama mke wa rais. Kufika huku nawasha nishuke, dashibodi inaniandikia sasipensheni imefeli (hii ya upepo, mabegi yanayobeba gari), nisizidi 50. 50 ya wapi wakati gari lenyewe linashuka taratiiibu linalalia tumbo! Bampa likakwama kwenye lango la pantoni. Nyuma yangu kuna Fuso la ndizi, Noah mbili, bodaboda kama nzi, wote honi. Nikampigia fundi, na kwa ujinga wangu nikaweka spika ili mama asikie kwamba mkwe wake ana fundi wake mwenyewe. Jamaa hata salamu hakuna: "Bosi, gari hilo zima, mbovu ni mwenye gari."

Kimya. Naapa hata injini ya pantoni ilinyamaza isikilize. Mama mkwe akanigeukia, "Baba, kumbe unaumwa? Mbona mwenzio hajatwambia?"

MBOVU NI MWENYE GARI. Mimi! Mbele ya mama aliyenipa binti!

Na huyo mtu ndo nimemlisha mwaka mzima. EGR, ile valvu inayorudisha moshi kwenye injini, ilijaa masizi, nikipandisha mlima wa Bugando natoa moshi kama tanuri la matofali, nikalipa. Hosi ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ikapasuka, gari likakosa nguvu mpaka bajaji zinanipita na abiria wananionea huruma, nikalipa. Hendibreki ya umeme ndo usiseme, ukiivuta inalia kama mbuzi wa Idi, jirani anatoka nje kuangalia kama nachinja. Turbo akaniambia lazima bodi yote inyanyuliwe kwenye chesesi, nikajua ananitania, nimeenda nakuta gari langu juu lipo huku chini lipo kule kama sato wa kupasuliwa, nikalipa na hilo. Juzi tu kabadili kompresa ya upepo, milioni na laki nane, akasema sasa hata upakie tembo. Tembo! Sijapakia tembo, nimepakia mama mkwe kilo sitini na kuku wawili.

Vijana wakaweka mbao tukatoka kwa kuburuza, wamechukua elfu hamsini. Mama kaondoka na bodaboda, ila kabla hajapanda akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Mkono kwenye paji la uso wakuu. "Mbovu ni mwenye gari." Nalala nalo leo hilo.

Deiwaka wa Igoma: Nimewahi siti ya mbele. Mods uzi huu usiguswe.

Sangara Mkavu: Pole sana mkuu. Kwani unasumbuliwa na nini hasa?

Mwenye uzi: Sangara toka hapa.

Dizeli Chafu: Tuache utani kidogo. Alipobadili kompresa, mabegi ya upepo yanayovuja alibadilisha? Begi likivuja, kompresa inajaza usiku na mchana mpaka inaungua, hata uweke mpya kila mwezi. Na rilei yake je, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima? Ile ikinata kompresa haizimi. Na ni kitu cha hela ndogo tu.

Mwenye uzi: Begi alisema nibadili. Nikamwambia kwa sasa tuzibe na gundi, mwezi ulikuwa mbaya.

Sangara Mkavu: Haya jamani, mgonjwa kapatikana.

Deiwaka wa Igoma: GUNDI 😂😂😂 Mtu ana V6 anaziba na gundi kama ndala. Fundi aombwe radhi.

Mwenye uzi: Hata kama! Ndo aseme kwenye spika?

Deiwaka wa Igoma: Kwani spika kaweka nani?

Jiwe la Mwanza: Mimi nauliza swali moja, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za lami, wewe pantoni unafuata nini?

Mwenye uzi: Kamanga natokea mjini moja kwa moja, darajani mpaka nizunguke Usagara.

Jiwe la Mwanza: Sema ulitaka watu wakuone unashuka na ndinga. Wamekuona.

Dizeli Chafu: Mwenye uzi, mikanda umebadili? Hiyo injini inayo miwili, wa taimingi mbele na mwingine nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, huo wa nyuma wengi wanausahau. Na oili usifuate zile kilomita elfu ishirini na kitu za kitabu cha Ulaya, mwaga mapema. Beringi zikisagika hapo krenki, ile shafti kuu ya injini, inakatika vipande viwili.

Mwenye uzi: Krenki inakatika???

Dizeli Chafu: Vipande viwili.

Mwenye uzi: Mbona huyu fundi hajawahi kuniambia

Sangara Mkavu: Alikuwa analinda afya yako.

Nshomile wa Kyaka: Nyie wa Mwingereza mna nafuu, njooni kwetu wa Mjerumani. V6 dizeli 3.0, oili inavujia katikati kabisa ya injini, kwenye oili kula, yaani kipoza oili. Tatizo lenyewe ni visili viwili unaweza kuvitia mfuko wa shati. Kuvifikia sasa! Wametoa inteki, wametoa turbo, siku tatu nadandia daladala na suti. Narudi nakabidhiwa gari na boliti nne kwenye kiganja, eti kiwandani waliziweka za ziada.

Deiwaka wa Igoma: Nshomile na suti kwenye daladala, hiyo ndo picha tunataka.

Mama Buzuruga: Mafundi wote mama yao mmoja. Mimi nimempa fundi cherehani kitenge changu cha sendofu tangu mwezi wa tatu, kila siku bado vifungo, bado vifungo. Leo nimekutana na mke wake sokoni Kirumba kakivaa. Na vifungo viko vyote.

Nshomile wa Kyaka: Eeh! Ukamfanyaje?

Mama Buzuruga: Ningemfanya nini, alinisalimia kwa adabu, shikamoo mama. Na kilimkaa vizuri, ndo kinachoniuma.

Sangara Mkavu: Dada pole. Hii ndo kesi sasa, siyo za gundi.

Mwenye uzi: Jamani mimi bado nipo Kamanga na giza linaingia, kuna mwenye namba ya bredauni?

Deiwaka wa Igoma: Mama Buzuruga hicho kitenge ni kipi, kile cha mapovu?

Mama Buzuruga: Cha njano, chenye kasuku.