Naomba ushauri: makao ya nyoka, plastiki au mbao?

Wanachama wenzangu, hamjambo. Naishi Nakuru katika nyumba ya kupanga, na nina kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori cha kufuga nyoka wawili wa kahawia wasio na sumu, wale wanaopenda kuingia majumbani kuwinda panya. Kinachonitatiza ni baridi ya usiku, hasa mwezi wa Julai, kwa kuwa wanahitaji upande mmoja wenye joto la takriban nyuzi 30 na mwingine wa kujipoza.

Kwa sasa kila mmoja yumo katika kontena la plastiki nililolitoboa kwa msumari wa moto. Ni rahisi kusafisha, ila kifuniko hupinda katikati, na nyoka mwembamba hahitaji zaidi ya ufa wa kidole. Fundi wa mtaani amependekeza sanduku la plaiwudi lenye kioo mbele, ambalo nahofia litafyonza unyevu na kuficha utitiri kwenye viungio. Chupa za maji moto nimezijaribu, lakini hupoa kabla ya alfajiri.

Je, plaiwudi iliyopakwa vanishi na kukauka kabisa itafaa? Na ni njia gani nafuu ya kupasha joto isiyoweza kumuunguza nyoka, hata umeme ukipotea usiku?