Kijana wa miaka 12, kambi ya skauti wiki nzima: nimwache aende?

Mjomba_Kisauni
Wana jukwaa, salaam. Kijana wangu ana miaka 12, yuko Chipukizi, skauti wa rika lake, shuleni kwao. Shule zikifungwa Agosti, kundi lao linakwenda kambi Kwale, upande wa Shimba Hills. Jumapili mpaka Jumamosi, usiku sita hemani. Kiongozi ataka jibu kabla ya Ijumaa. Kijana mwenyewe hana neno, skafu aipiga pasi kila jioni kama ya harusi. Mimi ndiye silali. Naona bado mdogo. Mwasemaje?

Baba_Tudor
Miaka 12 mdogo? Umri huo mimi navuka feri ya Likoni peke yangu, kapu la samaki kichwani, na nauli nairudisha nyumbani. Mwache aende. Mwambie tu asiweke chakula hemani. Ndovu wa Shimba Hills hawabishi hodi.

Skauti_Mstaafu
Kambi ya kwanza kabisa ya skauti ilikuwa Agosti 1907, kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, wavulana ishirini hivi, nao walikaa wiki. Hakuna aliyekufa. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, alikuja kumalizia umri wake Nyeri, akafariki 1941. Sisi tulipelekwa kuona kaburi lake. Lina duara yenye nukta katikati, alama ya njia za skauti, maana yake nimekwenda nyumbani. Kiongozi akatueleza kwa sauti ya huzuni, nami nikatokwa na machozi. Wenzangu wakadhani nimeguswa. Yakhe, ilikuwa baridi! Mtoto wa Majengo nimepelekwa Nyeri na kaptula.

Bi_Khole
Basi na huko Kwale mfungie sweta, ukungu wa asubuhi si mchezo Agosti. Na huo moto wa kambi wasiuchezee usiku, mnajua wazee walisemaje. Mtoto achezeaye moto… asubuhi mahema yote yataanikwa 😂😂

Mjomba_Kisauni
Bi Khole, nakuheshimu, lakini mzaha huo haukunipendeza. Nimeuliza umri tu.

Nesi_wa_Usiku
Kaka, umetajiwa ndovu umenyamaza. Umetajiwa moto umeruka. Kijana anakojoa kitandani?

Mjomba_Kisauni
(saa tatu baadaye) Ndiyo. Karibu kila usiku. Lakini msinianze, nishajipanga. Tangu wiki iliyopita hanywi maji baada ya alasiri. Saa sita usiku namwamsha, saa tisa namwamsha tena. Na kiongozi nishampigia kumwambia nitasaidia jikoni kambini. Mimi huuza viazi karai, sufuria kubwa si ngeni kwangu. Alfajiri kabla wenzake hawajaamka, napita hemani, nabadilisha shuka, natoka. Kijana hajui kwamba naja.

Baba_Tudor
Mtu mzima anyatie mahema ya watoto gizani? Wallahi utapigwa, ndovu hujawaona bado.

Mjomba_Kisauni
Nitavaa aproni. Watajua ni mpishi.

Bi_Khole
Ewe baba nisamehe, sikujua. Mwanangu wa tatu alitutesa na godoro mpaka darasa la saba. Shangazi zake kila mmoja alikuja na dawa yake, hakuna iliyofaa. Siku moja akaacha tu, wala hatukumbuki siku gani. Leo yuko bandarini na watoto wanne. Usimpige.

Mjomba_Kisauni
Sijampiga hata siku moja.

Nesi_wa_Usiku
Hilo la maji uliache leo. Umkaushe toka alasiri kisha apandishwe vilima juani? Mchana anywe sana, apunguze saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Chai na soda ya jioni ndivyo vya kukata. Sasa nijibu: hajapata kukauka tangu utotoni, au alikauka kisha ikarudi?

Mjomba_Kisauni
Imeanza Februari.

Mpekuzi
Samahanini kidogo. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Novemba mwaka jana huyu huyu alitafuta chumba Bamburi, akaandika kwa mkono wake: "mimi kapera, sina mke wala mtoto". Leo ana kijana wa miaka 12 na aproni. Hadithi hadithi!

Baba_Tudor
Hadithi njoo!

Bi_Khole
Nami nishaomba msamaha wa bure.

Skauti_Mstaafu
Tusimhukumu, tumpime. Ndugu, kama kweli una skauti nyumbani, skauti husalimiana kwa mkono gani?

Mjomba_Kisauni
Wa kushoto. Siku ya kwanza kaninyoshea huo, nikamgombeza, nikaona huyu hakufunzwa adabu. Akanieleza polepole, mpaka nikaona haya.

Skauti_Mstaafu
Amepita.

Mpekuzi
Hilo hata mtandaoni lipo. Na mtoto?

Mjomba_Kisauni
Chumba cha Bamburi nilikiacha. Jina langu hapa nimelibadilisha mwaka huu, hebu lisome. Dada yangu alifariki Januari. Kijana alikuja kwangu na begi moja, na hiyo skafu. Sikutaka kuyaweka hapa.

Mpekuzi
Inna lillahi. Kaka, nimekosa.

Baba_Tudor
Pole sana, ndugu yangu.

Nesi_wa_Usiku
Pole, kaka. Msiba waweza kuwa ndio sababu, lakini tusikisie. Mtoto aliyekauka miaka kisha ikarudi apimwe mkojo na sukari, na uulize pia kama anapata choo vizuri, kufunga choo nako huleta hayo. Fanya kabla ya safari. Ya kambini ni mepesi: mfuko mweusi wa taka upasue, utandikwe chini ya shuka. Nguo kavu akae nazo ndani ya mfuko wa kulalia, asipapase begi gizani. Tochi yake mwenyewe. Na kiongozi mmoja ajue, mmoja tu. Halafu muulize kijana kama ataka uende.

Mjomba_Kisauni
Hayo yote sawa, ila hilo la mwisho gumu. Sisi hatulizungumzi. Mimi huanika, yeye huanua. Na viazi nishaagiza gunia.

Bi_Khole
Gunia! Watoto wangapi hao?

Mjomba_Kisauni
Ishirini na wawili.

Mjomba_Kisauni
(Alhamisi) Mrejesho. Zahanati wamempima, mkojo safi, sukari sawa, wametupa tarehe ya kurudi. Tukiwa kwenye tuktuk nikamuuliza. Kaangalia nje mpaka tukafika Kongowea, ndipo akasema, "Mjomba, usije." Kumbe yeye mwenyewe alishamwambia kiongozi zamani, kwenye kambi ya usiku mmoja ya Aprili. Walipanga: anaamshwa saa tano pamoja na wa zamu ya moto, hakuna anayeuliza. Na yule kiongozi siku nilipompigia kunadi viazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu "karibu sana".

Skauti_Mstaafu
Kiongozi huyo nampa saluti. Mwambie kijana awatafute palahala, wale swala wakubwa wa pembe zilizopinda nyuma, Kenya nzima wako Shimba Hills tu.

Mpekuzi
Kwa hivyo nafasi ya mpishi iko wazi?

Mjomba_Kisauni
Bado sijamwambia kiongozi kwamba siendi.