Naomba ushauri: mke yuko Tunduma, mimi nimebaki Rungwe na watoto na ng'ombe

Mkata Mabingobingo: Shikamooni wakubwa. Mke wangu anauza mchele wa Kyela mjini Tunduma, nami nimebaki kijijini nikipika, nikiwaandaa watoto kwenda shule, nikikata majani na kukamua. Nataka kuuza mtamba ninunue pikipiki ya bodaboda, ili nami niwe na kipato changu. Je, nifanye hivyo?

Mzee wa Kiwira: Kijana, tatizo si mtamba, ni mke kukaa mpakani. Baba yangu alikwenda kuchimba dhahabu Lupa, mama akabaki na jembe na watoto, na kila mtu alijua nafasi yake.

Bibi Pishi: Mzee, kama mama yako angeuza ng'ombe baba akiwa Lupa, ungelisimulia hilo kwa fahari hiyo hiyo? Nawe kijana, sema: mtamba ni wa nani?

Mkata Mabingobingo: Mama yake alinunuliwa kwa fedha ya mke wangu. Lakini aliyemlisha mtamba tangu azaliwe ni mimi, na kwa kuwa mnunuzi amekwisha kunipa malipo ya awali, nimeyapeleka kwa mwenye pikipiki.

Karani Mstaafu: Kumbe! Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sioni kwa nini hoja iliyowafaa wake isikufae wewe unayepika. Hata hivyo, hilo huangaliwa mahakama inapogawa mali ndoa ikivunjika. Halikupi ruhusa ya kuuza kimyakimya.

Dereva wa Fuso: Mimi nashuku hadithi hii imetungwa. Mtamba ni jike ambaye hajazaa. Sasa huyu anamkamua nini? Au ni mwanamke wa Tunduma anayetupima wanaume?

Bibi Pishi: Akiwa mwanamke, basi anajua kulalamika kama mwanamume.

Mkata Mabingobingo: Ninayemkamua ni mama yake mtamba, soma vizuri. Sijatunga lolote.

Dereva wa Fuso: Haya, mkeo anajua?

Mkata Mabingobingo: Nitamweleza akifika Jumamosi, kwa sababu mambo mazito kama haya hayafai kuzungumzwa kwa simu. Mnunuzi anakuja kumchukua mtamba Ijumaa.